Brigedi ya 173 ya Marekani: ilikuwa na askari kati ya vita kuu mbili, au ilikuwa jina tu?

Msomaji wa Dodoma

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa historia ya majeshi, hasa jeshi la Marekani katika kipindi cha kati ya vita kuu mbili za dunia.

Nimekuwa nikisoma juu ya Brigedi ya 173, ambayo wengi wetu tunaijua kama brigedi ya askari wa miavuli iliyopigana Vietnam, na ambayo tangu mwaka 2000 makao yake yako Vicenza, kaskazini mwa Italia. Nilidhani historia yake inaanzia mwaka 1963, ilipoundwa katika kisiwa cha Okinawa. Kumbe rekodi zake rasmi zinarudi nyuma hadi tarehe 5 Agosti 1917, ilipoanzishwa kama brigedi ya askari wa miguu ndani ya Divisheni ya 87. Ilikusanyika Camp Pike, karibu na mji wa Little Rock katika jimbo la Arkansas, ikapelekwa Ufaransa katika miezi ya mwisho ya vita, kisha ikarudi nyumbani na kuvunjwa Januari 1919 huko Camp Dix, New Jersey. Mpaka hapo naelewa.

Kinachonitatiza ni kinachofuata. Rekodi zinasema kwamba tarehe 24 Juni 1921 makao makuu ya brigedi pamoja na kombania yake yalirejeshwa katika Jeshi la Akiba, kwamba Desemba ya mwaka huo yaliundwa upya mjini Shreveport, Louisiana, kwamba baadaye yalihamia Mobile, Alabama, na kwamba Februari 1942 yaligeuzwa kuwa kikosi cha upelelezi. Basi. Kati ya tarehe hizo kuna miaka 20 na ushei, na katika miaka hiyo yote hakuna luteka inayotajwa, hakuna idadi ya askari, hakuna safari wala tukio, isipokuwa jina kubadilishwa mara mbili: mwaka 1925 ikaitwa Brigedi ya 173 bila kutajwa askari wa miguu, na mwaka 1936 ikarudishiwa jina lake la zamani.

Je, brigedi hii ilikuwa na askari kweli, au ilikuwa jina tu? Kama ilikuwa na watu, walikuwa wakifanya nini muda wote huo? Na inakuwaje brigedi, ambayo kwa kawaida huwa na maelfu ya watu, igeuzwe kuwa kikosi kisichozidi ukubwa wa kombania moja? Natanguliza shukrani.

Mpekuzi wa Nyaraka

Ndugu Msomaji, swali lako la kwanza ndilo lililobeba mengine, kwa hiyo nianze nalo. Askari wa kawaida brigedi hii haikuwa nao, au ilikuwa nao wachache mno kiasi cha kutoweza kuitwa kikosi. Ilichokuwa nacho ni maofisa. Ukilishika jambo hilo moja, ukimya wa rekodi unaoushangaa utaeleweka wenyewe.

Msingi wa yote ni sheria ya ulinzi ya tarehe 4 Juni 1920. Baada ya vita vya kwanza Wamarekani walibishana sana juu ya jeshi gani linawafaa. Mkuu wa Majeshi wa wakati ule, Jenerali Peyton March, alitaka jeshi la kudumu la watu wapatao 500,000, ambalo vita vikija lingepanuliwa kwa kujazwa raia chini ya maofisa wa kudumu. Kanali John McAuley Palmer, mbele ya kamati ya Baraza la Seneti mwaka 1919, alipinga mpango huo waziwazi. Hoja yake ilikuwa kwamba taifa huru lilindwe na raia waliofunzwa wakati wa amani, walio na vikosi vyao wenyewe na maofisa waliotoka miongoni mwao, badala ya kuwa kama matofali tu ya kujazia ukuta uliojengwa na wengine. Seneta James Wadsworth aliyeiongoza kamati hiyo alimsikiliza, na sheria iliyopitishwa ikawa na alama nyingi za fikra za Palmer.

Kwa sheria hiyo jeshi likawa na sehemu tatu: jeshi la kudumu, Walinzi wa Taifa walio chini ya majimbo, na Jeshi la Akiba. Nchi ikagawanywa katika maeneo tisa ya kijeshi, na kila eneo likapangiwa divisheni moja ya kudumu, mbili za Walinzi wa Taifa na tatu za akiba. Divisheni za akiba kwa nchi nzima zikawa 27, zenye namba kuanzia 76 hadi 104, na kwa kuwa kila divisheni ilikuwa na brigedi mbili za askari wa miguu, brigedi za akiba zikawa 54. Namba zilizorukwa katika orodha hiyo ni 92 na 93. Hizo zilikuwa divisheni za askari weusi katika vita vya kwanza, na hazikurejeshwa. Wamarekani weusi waliruhusiwa kuwa maofisa wa akiba, hasa waliopata mafunzo katika vyuo vikuu vya Howard na Wilberforce, lakini walitengwa na wenzao weupe. Naona ni vyema jambo hilo lisipitwe kimyakimya tunapozungumzia jeshi lililojinadi kuwa ni la raia wote.

Divisheni ya 87 iliangukia katika Eneo la Nne, yaani majimbo ya kusini mashariki, na ikagawiwa Louisiana, Mississippi na Alabama. Brigedi ya 173 ilikuwa na Rejimenti ya 345 na ya 346 za askari wa miguu, zilezile za mwaka 1917, na dada yake, Brigedi ya 174, ikawa na ya 347 na ya 348.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo mpango ulipokwama. Sheria ya 1920 iliruhusu jeshi la kudumu lenye askari hadi 280,000. Katika muda wa miaka miwili Bunge lilikata mafungu mara mbili, na kufikia 1922 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi askari wapatao 125,000 na maofisa 12,000. Jeshi la kudumu lenyewe likawa linahangaika kujaza vikosi vyake. Jeshi la Akiba, lililokuwa la mwisho katika foleni, likabaki na mabaki ya mabaki. Askari wa Walinzi wa Taifa alilipwa kwa kila zoezi alilohudhuria, ilhali raia aliyejiandikisha kuwa askari wa kawaida wa akiba hakulipwa chochote kwa mahudhurio yake ya mwaka mzima. Ni nani basi angeacha shamba lake au kibarua chake jioni akacheze gwaride bure? Kwa hiyo katika nchi nzima maofisa wa akiba walifikia takriban 100,000 mwishoni mwa miaka ya 1920, huku askari wa kawaida wa akiba wakiwa elfu chache tu. Gawanya hao elfu chache kwa divisheni 27, utaona kilichobaki kwa brigedi moja ya Louisiana na Alabama.

Kwa jeshi la vita, brigedi kama hii ilipaswa kuwa na maelfu ya watu. Mwaka 1917 jedwali la brigedi moja, yaani idadi ya watu iliyopangiwa rasmi, lilizidi watu 8,000. Kwa amani ilikuwa mifupa bila nyama: orodha ya maofisa, ofisi moja yenye makabati, na mpango wa karatasi ulioeleza wapi askari watatoka siku ya kuitwa vitani.

Afande Mstaafu

Nakubaliana na Mpekuzi kwa ujumla, ila naomba niliongezee swali la pili nyama, maana "mifupa" isije ikaeleweka kuwa ni watu waliokaa wakisinzia. Nimetumikia jeshi la nchi kavu kwa muda mrefu, na kazi ya ofisa asiye na askari naielewa kuwa ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

Mchukulie luteni wa akiba wa Rejimenti ya 345 mwanzoni mwa miaka ya 1930. Huyu ni karani wa benki, mwalimu, mwanasheria au muuza bima. Kama ni mtu mzima, cheo chake alikipata vitani mwaka 1918. Kama ni kijana, amekipata chuo kikuu, kwa sababu vyuo vingi vya Marekani vilikuwa na programu ya kuwafunza wanafunzi uofisa wa akiba pamoja na masomo yao ya kawaida, na mwaka hadi mwaka hao vijana wa vyuoni ndio waliokuja kuchukua nafasi za maveterani waliozeeka. Cheo chake kilidumu miaka mitano, na kukiendeleza au kupandishwa kulitegemea masomo aliyoyakamilisha.

Masomo hayo yalikuja kwa posta. Bahasha iliwasili nyumbani ikiwa na somo, ramani na tatizo la kimapigano: adui yuko hapa, wewe una batalioni moja hapa, jua linazama saa fulani, toa amri yako. Ramani zilizotumika sana katika mafunzo ya jeshi lile zilikuwa za eneo la Gettysburg, Pennsylvania, kwa kuwa lilikuwa limepimwa vizuri na kila shule ya kijeshi ilikuwa nazo. Kwa hiyo ofisa aliyeishi kwenye joto la pwani ya Alabama, ambaye pengine hajawahi kukanyaga Pennsylvania, alikaa mezani baada ya chakula cha jioni akihamisha batalioni zisizokuwepo juu ya vilima na mashamba ya Gettysburg, akiandika amri kwa utaratibu uliowekwa, kisha akaituma kazi yake isahihishwe na ofisa wa jeshi la kudumu. Mara kwa mara maofisa wa mji mmoja walikutana jioni katika chumba cha jengo la serikali, wakasikiliza mhadhara au kufanya zoezi la ramani kwa pamoja. Kwa mikutano hiyo hawakulipwa.

Malipo yalikuwapo kwa wiki mbili za kambi wakati wa kiangazi, na hata hizo hazikuwafikia wote kila mwaka, kwa sababu fungu la Bunge lilitosha sehemu tu ya maofisa. Kambini ndiko ofisa wa akiba alikoonana na watu wa kuwaongoza. Tangu mwaka 1921 kulikuwa na makambi ya mafunzo ya kijeshi kwa vijana raia, ya mwezi mmoja kila kiangazi, yaliyopokea makumi ya maelfu ya vijana kwa mwaka. Rejimenti za akiba zilipewa jukumu la kuwafundisha vijana hao: kulenga shabaha, gwaride, usafi wa kambi, matembezi marefu yenye mzigo mgongoni. Kijana aliyehudhuria viangazi vinne na kumaliza hatua zote aliweza kuomba cheo cha uofisa, ingawa waliofika huko walikuwa wachache sana. Ni katika wiki hizo mbili tu ambapo kapteni wa akiba alijua maana ya kusimama mbele ya kombania iliyo hai.

Tena kulikuwa na shule ambayo sheria ya 1920 haikuiota. Mwaka 1933, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, Rais Franklin D. Roosevelt alianzisha vikosi vya vijana wasio na kazi vya kupanda miti, kuzuia mmomonyoko na kujenga barabara za misituni. Jeshi lilipewa kazi ya kuendesha makambi yao, lakini maofisa wa kudumu hawakutosha, ndipo maelfu ya maofisa wa akiba wakaitwa. Kapteni au luteni akakabidhiwa vijana wapatao 200 katikati ya msitu: wale, walale, watibiwe, walipwe, wasipigane, wafike kazini asubuhi. Hakukuwa na bunduki wala amri za kivita, na vijana wale hawakuwa askari, kwa hiyo ofisa hakuweza kuwatisha kwa mahakama ya kijeshi. Ilimbidi awaongoze kwa haki na kwa mfano wake mwenyewe. Kwa maoni yangu, mwaka mmoja wa kazi hiyo ulimkomaza ofisa kijana kuliko bahasha zote za Gettysburg.

Hata mtu aliyekuja kuwa Rais alipita njia hii. Harry Truman, aliyekuwa kapteni wa mizinga Ufaransa mwaka 1918, alibaki katika akiba huko Missouri, akahudhuria kambi za kiangazi na kupanda hadi kuwa kanali mwaka 1932, wakati huohuo akifanya siasa za wilaya yake.

Msomaji wa Dodoma

Nawashukuru sana, Mpekuzi na Afande. Mwanga umeanza kuingia. Hata hivyo mmenizidishia swali moja. Kama mpango wote ulisimama juu ya dhana kwamba siku ya vita brigedi itajazwa watu na kwenda kupigana ikiwa na maofisa wake waliofahamiana kwa miaka 20, kwa nini haikutokea hivyo? Mwaka 1942 vita vilikuwa vimekwisha kuja, na watu walikuwa wanaandikishwa kwa mamilioni. Badala ya kujazwa, brigedi ikapunguzwa. Naomba ufafanuzi wa hapo.

Mwalimu wa Historia

Ndugu Msomaji, kuna mambo mawili yaliyotokea kwa wakati mmoja, na kila moja peke yake lingetosha kuizima brigedi hii.

Jambo la kwanza ni kwamba maofisa waliondolewa mmoja mmoja kabla brigedi haijaitwa. Sheria ya kuandikisha vijana kwa lazima ilipita tarehe 16 Septemba 1940, ikiwa ni mara ya kwanza kwa Marekani kufanya hivyo wakati wa amani, na jeshi likafurika vijana wasiojua kushika bunduki. Walihitajika maofisa haraka, wala hapakuwa na muda wa kungoja hadi divisheni nzima za akiba ziitwe kwa zamu. Wizara ya Vita ikaanza kuwaita maofisa wa akiba kila mtu kwa jina lake na kumpeleka popote palipokuwa na pengo: huyu kwenye divisheni ya kudumu, yule kwenye kituo cha kufundishia kuruti, mwingine ofisini Washington. Kufikia shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941, makumi ya maelfu yao walikuwa tayari kazini. Kwa hiyo ule undugu wa kikosi ambao Palmer aliutarajia, wa maofisa wa mji mmoja au jimbo moja kwenda vitani pamoja, ulikwisha vunjika kabla ya vita kuanza rasmi kwa Marekani. Ofisini mwa brigedi yalibaki makabati.

Nasema wazi kwamba huo ulikuwa uamuzi sahihi kwa mazingira ya wakati ule. Jeshi lililokuwa na maofisa wa kudumu 12,000 kwa sehemu kubwa ya kipindi kile lisingeweza kulea jeshi la mamilioni bila hazina hiyo. Brigedi kama kikosi ilishindwa, lakini watu wake walitumika, na walitumika mahali walipohitajika zaidi.

Jambo la pili ni muundo. Divisheni ya Marekani ya mwaka 1917 ilikuwa ya pande nne: rejimenti nne za askari wa miguu, kila mbili chini ya brigedi moja, na brigedi hizo mbili chini ya divisheni. Ilikuwa na watu wapatao 28,000, ikiwa imebuniwa kwa ajili ya vita vya mahandaki, ambapo nguvu ya kuendelea kusukuma mbele siku baada ya siku ilithaminiwa kuliko wepesi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wataalamu wa jeshi walifanya majaribio na kuamua kwamba magari na redio vimebadilisha mambo, na kwamba divisheni iwe ndogo, ya pande tatu: rejimenti tatu zinazopokea amri moja kwa moja kutoka kwa kamanda wa divisheni. Rejimenti mbili zikiwa mbele, ya tatu inakuwa akiba mkononi mwake. Katika muundo huo makao makuu ya brigedi hayana kazi. Ni kituo kimoja cha ziada ambacho amri inasimama njiani ikiandikwa upya, wakati mapigano hayangoji.

Divisheni za kudumu zilibadilishwa kwanza, na za akiba zikafuata Februari 1942. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la tatu. Rejimenti ya nne ya kila divisheni ilitolewa, na kwa Divisheni ya 87 iliyoachwa ni ile ya 348. Makao makuu ya brigedi zote mbili yalibaki hayana pa kwenda. Wakati huohuo muundo mpya ulidai kikosi kidogo cha upelelezi, chenye magari mepesi, cha kutangulia mbele ya divisheni na kuleta habari za adui. Badala ya kufuta namba za zamani na kuanzisha mpya, Wizara ikageuza moja kuwa nyingine: tarehe 13 Februari 1942 makao makuu ya Brigedi ya 173 na kombania yake vikawa Kikosi cha 87 cha Upelelezi, ukiondoa platuni ya tatu, na makao makuu ya Brigedi ya 174 vikawa hiyo platuni ya tatu. Brigedi mbili zilizopaswa kubeba watu zaidi ya 16,000 kwa jedwali la 1917 zikaingia katika kikosi kimoja cha ukubwa wa kombania.

Divisheni ya 87 iliamshwa tarehe 15 Desemba 1942 huko Camp McCain, Mississippi, ikiwa imejazwa askari walioandikishwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Ilifika Ulaya mwaka 1944, na katika majira ya baridi ya mwaka huo ikajikuta chini ya Jenerali George Patton wakati Wajerumani waliposhambulia Ardennes, eneo la misitu la Ubelgiji na Luxemburg. Machi 1945 ilivuka mto Rhine na kuingia ndani ya Ujerumani. Kikosi cha upelelezi kilikuwa nayo katika kampeni zake tatu. Hizo ndizo heshima za kivita za kwanza zenye jina la kampeni katika ukoo wa Brigedi ya 173. Kwa Ufaransa mwaka 1918 haikupata hata moja yenye jina la kampeni, kwa sababu Divisheni ya 87 ilifika ikiwa imechelewa, na watu wake wakatumika kama nguvukazi ya nyuma na kujaza mapengo ya divisheni nyingine zilizokuwa mstari wa mbele.

Afande Mstaafu

Mwalimu umeeleza vizuri, ila kuna sehemu moja siwezi kuipitisha bila kuipinga. Unasema kuwaita maofisa mmoja mmoja ulikuwa uamuzi sahihi. Kwa haja ya mwaka 1940, sawa. Lakini haja hiyo ilitengenezwa na miaka 20 ya ubahili. Kama Bunge lingewalipa askari wa kawaida wa akiba hata nusu ya kile walichopewa Walinzi wa Taifa, kila rejimenti ingekuwa na kiini cha masajenti. Mtu ambaye hajavaa sare hudhani kikosi ni maofisa na kuruti. Mwenye uzoefu anajua kuwa kinachokifanya kiwe kikosi ni koplo na sajenti, yule anayejua kwamba kuruti fulani ana miguu inayochubuka na mwingine hajui kusoma dira. Jeshi la Akiba la kipindi kile lilikuwa na kanali, meja, kapteni na luteni, na chini yao hapakuwa na mtu. Divisheni za akiba zilipoamshwa mwaka 1942, masajenti wao walilazimika kukopwa kutoka divisheni nyingine, na kila divisheni iliyokopesha ikabaki imepungukiwa. Gharama ile haikuepukwa, iliahirishwa tu.

Mwalimu wa Historia

Afande, hapo sina ubishi na wewe. Kukopa masajenti na maofisa wa kiini kutoka divisheni zilizokwisha kuundwa ndiyo njia iliyotumika kuanzisha divisheni mpya za 1942, na divisheni mama zililalamika kwa haki. Naongeza tu kwamba kazi hiyo ilianza mapema mwaka huo: tarehe 25 Machi 1942 ziliamshwa divisheni tatu za kwanza za akiba, yaani ya 77, ya 82 na ya 90. Ya 82, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya karatasi katika majimbo ya Carolina Kusini, Georgia na Florida, ilikabidhiwa kwa Jenerali Omar Bradley, na katikati ya Agosti ikageuzwa kuwa ya askari wa miavuli. Divisheni ya 101 nayo ilikuwa na maisha ya akiba katika jimbo la Wisconsin kabla ya umaarufu wake kama divisheni ya askari wa miavuli.

Msomaji wa Dodoma

Nimeridhika na majibu ya maswali yote matatu. Naomba la mwisho, kisha niwaache mpumzike. Je, ni haki kwa brigedi ya leo ya Vicenza kudai kwamba ilizaliwa mwaka 1917? Hakuna mtu hata mmoja aliyetoka Mobile akaenda Okinawa.

Mpekuzi wa Nyaraka

Watu hawakutoka, lakini jeshi la Marekani halihesabu ukoo kwa watu. Linahesabu kwa hati. Kila kikosi kina cheti cha ukoo ambacho kinaonyesha kuanzishwa, kuvunjwa, kurejeshwa na kugeuzwa, na maadamu mnyororo wa hati haujakatika, kikosi ni kilekile hata kama kimelala miaka bila mtu mmoja ndani yake. Heshima za kivita hufuata hati hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jeshi lilibadilisha muundo kwa mara nyingine. Brigedi zikarudi, safari hii zikiwa makao makuu mepesi yanayoweza kupewa batalioni za aina yoyote kulingana na kazi. Brigedi za kujitegemea zilihitaji namba, na badala ya kubuni mpya, jeshi likafungua makabati ya zamani. Brigedi nyingi za kujitegemea zikapewa namba za zile brigedi 54 za akiba. Njia ya kuzitambua ni rahisi: zidisha namba ya divisheni ya zamani kwa mbili, unapata namba ya brigedi yake ya pili, na ukitoa moja unapata ya kwanza. Divisheni ya 87 ilikuwa na ya 173 na ya 174. Brigedi ya 196 iliyopigana Vietnam ni ya Divisheni ya 98, ya 198 ni ya Divisheni ya 99, na ya 199 ni ya Divisheni ya 100. Zote ziliishi kati ya vita kuu mbili kwa namna ileile tuliyoieleza hapa.

Machi 1963 kikosi cha upelelezi cha Divisheni ya 87, bila ile platuni yake ya tatu, kikageuzwa kwa hati kuwa makao makuu ya Brigedi ya 173 ya askari wa miavuli, kikaondolewa katika akiba na kuingizwa katika jeshi la kudumu. Brigedi ikaundwa Okinawa chini ya Brigedia Jenerali Ellis W. Williamson, na Mei 1965 ikatua Vietnam, ikiwa kikosi kikubwa cha kwanza cha mapigano cha jeshi la nchi kavu la Marekani kupelekwa huko.

Kwa hiyo dai la 1917 ni halali kwa kanuni zao, nami nalikubali kwa sharti moja: anayelitaja asiruke miaka ya Shreveport na Mobile kana kwamba ni nafasi tupu kati ya tarehe mbili. Wale waliokuwa wakirudisha bahasha za masomo kwa posta bila malipo ndio walioufanya mnyororo huo uwe na watu ndani yake kwa miaka 20. Mnamo 1918 brigedi ilifika Ufaransa bila kuingia vitani ikiwa pamoja, na mwaka 1944 lililokwenda Ulaya kwa jina lake lilikuwa kikosi cha ukubwa wa kombania. Mara ya kwanza kabisa kwa Brigedi ya 173 kupigana ikiwa brigedi ilikuwa Vietnam, mwaka 1965.